Swalik Auza Picha ya Harar

Swalik wa Nyamityobora hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe, halafu wakajuta. Siku moja alikuwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anakunywa kahawa kwa Rahmah, mjane aliyetoka Harar, alipoiona picha ukutani: mji wa kale uliochorwa kwa rangi za maji, ukuta umeuzunguka, punda langoni, wanawake na vikapu vyao, na nyumba moja mlango wazi. Papo hapo akamkumbuka Hajji Abdullah, muuza nguo wa Mbarara, ambaye baba yake alizaliwa Harar na ambaye hununua hata kijiko akiambiwa kimetoka huko.

"Dada, nipe hii nipeleke kwa wataalamu. Bei yake utashangaa, banange!"

"Peleka," Rahmah akasema. "Lakini piki yako inabaki hapa fasi yangu mpaka urudi."

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomlisha. Aliiacha shingo upande, akaipeleka picha Mbarara, dukani kwa Hajji.

Hajji alivaa miwani. "Nani alichora?"

"Dada yangu, Hajji. Hiyo nyumba ni ya babu yetu."

Kidole cha Hajji kikasimama juu ya mlango. "Hapa iko zulia imekunjwa."

"Zulia kabisa!"

"Kwa sisi watu ya Harar, zulia juu ya mlango inasema ndani iko mwanamke ya kuoa. Kumbe hukuja kuuza picha! Tangu mke wangu afe, hakuna mtu aliniletea neno na adabu hivi." Akafuta machozi. "Nimekubali. Taja mahari."

Mtu mwingine angekimbia. Swalik alitaja bangili nane za dhahabu.

Rahmah aliposikia alicheka mpaka akaketi.

"Unaolewa, unatoroka na bangili, tunagawana," Swalik alimweleza.

"Alilia kweli?"

"Kama mtoto."

Rahmah akakubali.

Ijumaa, nyumbani kwa Hajji, mbele ya majirani, sheikh aliziweka bangili mikononi mwa bi harusi, kwa kuwa mahari ni mali yake, si ya kaka. Swalik alingoja nyuma ya nyumba mpaka sufuria za pilau zikaoshwa. Hakuna aliyetoroka. Akaingia, akamnong'oneza:

"Rahmah, twende."

"Niende fasi gani? Hapa ni kwa bwana yangu."

"Basi nirudishie piki."

"Niliuza jana, kule soko ya Kaberebere." Kisha akapaza sauti: "Muone kaka yangu! Ametoa piki yake ninunue vyombo vya nyumba, na anaona haya kusema!"

Vigelegele vikapigwa. Hajji akamkumbatia shemeji yake, analia tena. Swalik naye akalia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa anaigiza.