Kuhusu Mkate Wako wa Afya na Kidole cha Mzee

Kwa Mheshimiwa Mkwe wangu, mwenye tanuri,

Salamu nakupa kwanza, hasira utazikuta huko chini. Mimi sikusoma, unajua. Anayeniandikia ni mke wako, nami namtazama usoni. Akilainisha neno nitaona.

Umetoa mkate wa kahawia, ukabandika karatasi: "Unawafaa wenye kisukari." Baba mkwe wako anacho, akafurahi kama aliyepewa cheti cha kupona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilitia kipande kwenye bakuli la maji. Maji yakawa kama chai ya rangi, mkate ukabaki mweupe. Mwanangu, uliuoka au uliupaka? Ngano isiyokobolewa ina pumba zake, unatafuna mpaka taya linaomba likizo. Wako unayeyuka hata hujaufikiria.

2. Mke wako amenisomea yale maandishi madogo: sukari hakuna, kuna asali. Ahsante sana. Nitaiambia damu ya mzee kwamba safari hii utamu umetoka kwa nyuki, iupokee kwa heshima.

3. Hapa ndipo uliponimaliza. Kwa kuwa umeandika unafaa, mzee ameufanya dawa. Alianza na vipande viwili baada ya vidonge. Vikawa vinne, ili apone upesi. Juzi nimekuta vidonge vimelala kwenye droo, naye anapaka siagi. Kumuuliza, ananijibu kwa upole kabisa: "Mama watoto, mtu hachanganyi dawa mbili."

4. Kidole gumba cha mguu wake kimeanza kuwa cheusi. Nesi amesema sukari isiposhuka, kinakatwa.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zangu zote chache: ama uoke mkate wa ngano nzima, mzito, usio na asali, ama huo wako uuuze kama dawa. Vaa koti jeupe. Mpime mteja presha kabla hujampa chenji. Bandika karatasi nyingine: "Kipande kimoja kwa siku, weka mbali na wazee." Na siku ya kukata kidole, uje umshike mguu wewe, maana mimi nitakuwa nimemshika kichwa.

Nisalimie wajukuu zangu, waokaji wako wote, na yule paka wa stoo. Naye ajiangalie, amenenepa vibaya.

Ni mimi mama mkwe wako, ninayekupenda, ndiyo maana nimetuma barua na sikuja mwenyewe.

Nyongeza: Ili nikutie aibu, nimeoka wa kwangu: ngano nzima, chumvi kidogo, asali hata tone hakuna. Mzee ameung'ata mara moja tu. Kidole bado kipo. Kilichokwenda ni jino, lile la mbele lililokuwa limebaki. Basi lete ule wako laini, mmoja. Kukata nitakata mimi, na vidonge atameza kwanza, nikimtazama.