Kidole Chenye Ua

Matokeo ya uchaguzi wa wakubwa wa kolini, yaani mtaa, yalibandikwa ukutani asubuhi, na kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa wakati kijiwe cha Mwanahamisi, pembeni mwa parkingi ya minibasi pale Rumonge, kilipowaka moto. Mwanahamisi mwenyewe, muuza kahawa, aligombea. Alipata kura moja.

"Moja!" Lukeba alipiga benchi ngumi. Kijiweni anaitwa Avoka, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya mbuzi. "Wameiba! Hii ni wizi ya muchana kweupe!"

"Na Lameki amepita na kumi na moja," alisema Pontiani, aitwaye Mutanzania kwa miaka aliyokaa ukimbizini. "Kumi na moja! Hao ni mashemeji zake, na ule mulevi anayelalaka kwake."

"Alisema akipita, benchi hii inatoka, minibasi zipate nafasi." Huyo ni Hadji, jina la kijiweni Kaptene, mtu anayeogopa ziwa hata likichorwa kwenye kalenda. "Sisi tutakunywa kahawa wapi? Mu maji?"

Mwanahamisi aliosha vikombe.

Lukeba alikuwa na uchungu kuliko wote. Siku ya kura aliona foleni, akajiambia kura ya Lukeba ni kijiko cha maji katika Tanganyika, akarudi kulala. Jioni alijipaka wino wa biki kidoleni, akaja kunywa kahawa ambayo Mwanahamisi, kwa furaha, alimmiminia bure kila aliyeonyesha wino. Tangu hapo alikuwa akikipaka upya kila asubuhi. Lakini wenzake walipiga kweli. Vidole vyao aliviona jioni ile, gizani. Kura zao mbili ziko wapi? Hasira yake ilikuwa ya haki kabisa.

"Tuende kushitaki! Ushahidi iko ku mikono yetu. Mutoe vidole!"

"Kesho," Kaptene alisema, mkono mfukoni.

"Leo! Munaogopa nini?"

Vidole vikatua juu ya stuli, kimoja kimoja, kwa kusitasita. Mwanahamisi akaja kuweka chake katikati, cha zambarau hadi ndani ya ukucha, wino wenyewe wa kura. Cha Lukeba kilikuwa cha buluu. Cha Mutanzania kilikuwa cha kijani, rangi ya kalamu za mtoto wake wa shule. Cha Kaptene kilikuwa cheusi tii, kazi safi ya piko ya mkewe Sumaya, ambaye kwa mazoea ya kupamba maharusi alimalizia na ua dogo.

"Kaptene," Lukeba alisema polepole, "weye ulipigia kura wapi? Mu harusi?"

"Na weye? Ulipigia mu kayee, mu daftari ya shule?"

"Miye nilijua nyinyi mumeenda!" Mutanzania alilalamika.

"Na miye nilijua weye umeenda!" Kaptene alimrudishia.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema Mwanahamisi. Hakucheka, na Lukeba aliona aibu iliyomchoma masikio. Nyuma yao minibasi ilikuwa tayari inarudi kinyumenyume, ikiwapigia honi.

"Dada," Lukeba aliuliza, "sasa tutaikala wapi?"

"Pale muliikala siku ya kura. Ku nyumba."

Mwanahamisi akashika ncha ya benchi, akaiinua. Wakasimama wote watatu. Kwa hilo, kura yake moja ilitosha.