Mlinzi wa Rundo la Maganda

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Rundo langu la mbolea lina miezi miwili: maganda ya mihogo, majani ya mwembe, mavi ya kuku, majivu. Mvua ikifika litakuwa udongo mweusi, na mboga zangu za lenga-lenga zitazishinda za jirani yangu, Tata Nkulu. Leo kaniletea beseni la maganda. Bure! Mtu wa kutoa bure simwamini. Nimeyapekua ganda kwa ganda.

Jumatano, 3 Septemba
Rundo linatoa moshi! Nimeingiza mkono, moto kabisa. Nkulu kazika makaa humo, hakuna mwingine. Eti mbolea nzuri huchemka yenyewe, ndivyo anavyodai. Yenyewe! Nimemwaga ndoo juu ya ndoo mpaka likazimika.

Ijumaa, 5 Septemba
Linanuka vibaya sana. Hata kuku wamehama. Mke wangu Asia kasema: "Baba Feruzi, mvula ikikuta ile kitu ingali inanuka, mi naitupa. Bulongo ya kupandia mboga nitaomba kwa Tata Nkulu." Kwa Nkulu! Bora nife. Kazini nimetuma habari kwamba naumwa mgongo. Nimefunika rundo kwa bati, nikakaa juu yake mchana kutwa.

Jumamosi, 6 Septemba
Siku ya salongo, kambi yetu nzima ya wafanyakazi wa shaba inafagia na kulima kwa lazima. Mkuu wa kambi kanikuta juu ya bati. Kauliza mutu mukubwa analinda bichafu juu ya nini, kama si shaba ya wizi. Wakaja wote na majembe! Wamelipindua rundo, la chini juu, la juu chini. Wamepata kijiko cha Asia tu. Nkulu kawaelekeza walirudishe likichanganywa na majani makavu. Nimeumia sana.

Jumapili, 5 Oktoba
Mvua. Harufu imekwisha, udongo mweusi, laini! Asia kafurahi, kapanda lenga-lenga humo. Anasema mbolea ilikosa hewa, salongo ndiyo iliyoiponya. Kaambiwa na nani? Nkulu. Kambi nzima itoke jasho kwa ajili yangu, bure?

Jumanne, 28 Oktoba
Lenga-lenga zimekua upesi mno. Za Nkulu bado fupi, lakini anapita akizisifu zangu, meno yote nje. Ndipo nilipoelewa: siku ile ya salongo walizika kitu humo. Asia alipokwenda sokoni nimezing'oa zote, nikachimba mpaka udongo mwekundu.

Hakuna kitu. Wamekificha vizuri kweli.