Sinia ya Ndiyo na Hapana

Siku ya kwanza, 3 Februari 1975

Ziwa Kivu likikauka kesho, ni mimi wataniita kulijaza, na nitalijaza mbele ya chakula cha saa sita. Kadutu yote haina kichwa kama changu. Ku collège walinifukuza mwaka wa pili kwa sababu walimu walianza kuniogopa. Tangu sheria iliyokataza majina ya kizungu mimi ni Citoyen Mushagalusa. Mama anaendelea kuniita Poli. Hiyo Authenticité ya serikali haijafika jikoni.

Leo nimevumbua mashini. Inauliza watu wawili wasioaminiana jambo ambalo kila mumoja anaogopa kusema wa kwanza. Karata tano tu, juu ya sinia. Kila mutu anapata mbili: nyekundu moja, nyeusi moja. Nyekundu ingine inalala katikati yao. Zote kifudifudi, kwa duara. Unataka? Weka nyekundu yako karibu na ile ya katikati. Hutaki? Weka nyeusi karibu, nyekundu mbali. Kisha kila mumoja anazungusha sinia wakati mwenzake amefunga macho, mpaka hakuna anayejua karata zake ziko wapi. Mnafunua. Nyekundu tatu zikikaa bega kwa bega, wote wamesema ndiyo. Zikitengana, kuna aliyekataa, na sinia haimutaji.

Nimeivumbua juu ya Nsimire, mushonaji wa nyumba ya pili. Honoré, karani wa uwanja wa ndege wa Kavumu mwenye suti tatu za abacost, amemuposa. Siku ya Mungu shangazi wa Honoré anakuja kuchukua jibu. Mimi sijamwambia Nsimire kitu. Akinicheka, Kadutu yote itacheka mpaka Nyantende wasikie.

Lakini mutu wa akili haanzi kujaribu dawa kwa tumbo lake. Nitaanza na wazee.

Siku ya tatu, 5 Februari

Muzee Bisimwa na muzee Emile. Majirani, ukuta mumoja. Hawasalimiani tangu mwaka jana, juu ya jogoo wa mumoja anayewika wakati redio ya mwingine inasoma habari. Kila mumoja aliapa kwamba hatafungua mudomo wa kwanza.

Niliwaweka chini, sinia katikati. Swali: unataka amani? Muzee Emile alinusa karata moja moja. Muzee Bisimwa aliona doa la kutu kwenye sinia, akasema ni alama ya wezi. Nikalisugua na muchanga mpaka jasho. Kisha wakakataa kufunga macho. Kila mumoja alisema mwenzake atachungulia. Nikaleta vitunga viwili vya mihogo, wakavaa kichwani wote wawili pamoja. Muzee Emile akauliza toka ndani ya kitunga: sasa nani anazungusha? Nikasema mimi. Muzee Bisimwa akajibu kwamba katika watu watatu walio hapa, wa kwanza kuvalishwa kitunga ni mimi.

Nikaleta kitunga cha tatu, nikavaa. Wakazungusha kwa zamu, kila mumoja akivua chake na kukirudisha.

Tukafunua. Nyekundu tatu, bega kwa bega. Amani! Wazee walitazamana kama watu waliokutwa bila suruali. Kisha muzee Bisimwa akasema: kumbe ulikuwa unanikumbuka. Muzee Emile akasema: wewe ndiye ulinikumbuka zaidi. Wakagombana mpaka jioni juu ya nani alitaka amani mingi kuliko mwenzake. Lakini wanasemeshana. Mashini inafanya kazi.

Siku ya tano, 7 Februari

Honoré alipita na abacost ya kijani. Aliita mashini yangu muchezo wa watoto wa kambi. Nilimujibu kwamba hata ndege yake ya Kavumu inazunguka na haijui inaenda wapi. Watu waliokuwa wanachota maji kwa robinet walicheka. Nsimire alicheka zaidi, ndoo ikamwagika.

Halafu akanikaribia. Akaniambia kwa sauti ya chini: we Poli, kesho, tukimaliza kazi ya salongo, lete ile sinia. Niko na swali moja, na unalijua. Na unawe mikono.

Sikula. Mama alifikiri ni malaria, akanipa kinini.

Siku ya posho, ya sita, 8 Februari

Salongo, ule usafi wa lazima wa mutaa, ikaisha. Nsimire alikuja na kitunga chake mwenyewe, kisafi. Swali hatukulisema. Alipanga karata zake haraka, kama mutu anayetunga uzi kwa sindano. Mimi nilichukua muda. Tulizungusha. Tukafunua.

Zimetengana.

Nilikuwa tayari na la kusema: ah, ni muchezo tu, hatutajua ni nani. Lakini Nsimire alitazama karata, kisha akanitazama mimi, kwa muda murefu. Akasema aksanti, Poli, sasa nimejua. Nikamwambia hawezi kujua, sinia haimutaji mutu. Akasema aliyeweka ndiyo, akiona zimetengana, hahitaji kuambiwa. Aliyeweka hapana ndiye hajui kitu.

Nikamuuliza yeye aliweka nini.

Akasema: uliza mashini yako. Akabeba kitunga akaenda.

Siku ya Mungu, 9 Februari

Shangazi alifika misa ilipoisha. Tumesikia vigelegele toka nyumba ya pili. Honoré alipita hapa na abacost mupya, akanisalimia kwa heshima, jambo baya kabisa.

Nimechunguza mashini siku nzima. Karata ni nzima. Sinia ni safi. Kwa wazee ilikwenda sawa. Muzee Emile anashauri niongeze karata. Nitaziongeza, zifike saba. Nitaipeleka soko la Minova, nitakuwa tajiri. Na kule kwa robinet kuna musichana, Cibalonza, ananiangalia-angalia. Juma lijalo namwalika kwenye sinia. Mara ya kwanza nitaweka hapana, kupima maji. Yeye akisema ndiyo, mara ya pili na mimi nitasema ndiyo. Ndiyo njia ya mutu wa akili.

Na Nsimire, basi. Mashini haikukosea. Nyekundu yangu niliiweka mbali. Nilitaka yeye aanze.