Paa la Bendera la Mama Teresina

Ijumaa, 1 Julai 2011

Mwezi hauna hata siku mbili, tayari nimeshtuka. Mama Teresina, mwenye nyumba wetu hapa mtaa wa Atlabara, Juba, anataka kumpa Lodu kazi ya paa. Lodu! Jirani wa nyasi! Mzee anayekwenda Rejaf kukata majani, akarudi nayo kwenye bodaboda mpaka dereva haonekani. Na mimi Waiswa, fundi wa mabati, ninayelala chumba cha uani kwake, sikuulizwa!

Paa lake la zamani limeliwa na mchwa. Dada yake Kiden anakuja kwa tishari la mtoni kutoka Khartoum, atafika tarehe 8, baada ya miaka ishirini na sita. Ataona uhuru wa nchi tarehe 9, kisha ataamua kama anabaki au anarudi. Mama Teresina hana ndugu mwingine aliye hai. Anataka dada alale pazuri, apapende, asiondoke tena. Alisema hivyo huku anafuta macho kwa ncha ya leso.

Nikaona nafasi. Nikamwambia aibu gani hii, nchi mpya izaliwe chini ya nyasi. Akafikiri. Nikamwambia watu wa Khartoum wamezoea mabati. Akalainika. Masharti: dada akiridhika na malazi, napewa kibaraza cha mbele, nifungue duka. Asiporidhika, mimi na Cissy na mtoto tunapanda basi la Kampala.

Hatapanda mtu.

(Naandika Kiswahili, nilichojifunza nikiwa kibarua Eldoret, kwa sababu mke wangu Cissy hakisomi. Mipango ya kazi ni siri.)

Jumamosi, 2 Julai

Nimechagua bati. Geji 32, jembamba, jepesi, linang'aa vizuri. Lodu alikuja uani, akalinyanyua kwa kidole kimoja, akauliza kama ni la kuezekea au la kufungia samaki. Sikuamini masikio yangu. Mtu wa majani!

Akasema paa la hapa lazima liinuke sana, maji yateremke haraka na joto lipande juu. Nikamweleza kwamba paa la kulala chini linaokoa mabati. Nimeokoa tisa. Tisa! Nimeyaficha chini ya kitanda kwa ajili ya duka langu. Hata mipira ya misumari sikununua, nimetumia vizibo vya soda kutoka kibanda cha chapati cha Cissy. Akili.

Jumatatu, 4 Julai

Boriti ziko juu ya ukuta. Cissy alisimama chini, mikono imejaa unga, akauliza, "Baba Mirembe, waya iko wapi? Kwetu wanafunga boriti na ukuta." Kweli lilikuwapo bunda zima la waya nene. Nimelitumia lote kufunga kibao changu barabarani, kwenye nguzo mbili: WAISWA MABATI. HAYAVUJI, HAYARUKI. Fundi asiye na kibao nani atamjua? Nimezungusha mara kumi na nne kila nguzo. Mwizi atakata tamaa.

Nikamjibu Cissy kwamba uzito wa bati unatosha. Akanitazama, akarudi kwenye chapati zake.

Jumanne, 5 Julai

Paa limekamilika! Nikataka kulipaka rangi nyeupe ili kupunguza joto, maana mimi si mjinga. Nikazunguka mji mzima. Hakuna! Kila ukuta na kila jiwe la kando ya barabara limepakwa chokaa kwa ajili ya sherehe. Nyeusi ipo tele. Nikabaki nimesimama dukani, mdomo wazi. Halafu wazo likanijia: bendera!

Nyeusi nusu ya paa, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Nyekundu kidogo, kijani kidogo, pembe ya bluu. Nyota ikatoka na ncha saba lakini hakuna atakayepanda kuhesabu. Nyeusi imeangukia chumba cha kulala.

Mama Teresina alitoka nje, akatazama juu, akalia. Askari wawili waliokuwa wanapita wakasimama, wakalipigia saluti. Lodu alikuwa anasimamisha nguzo za zizi la mbuzi, akajifanya hajaona. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Julai

Balaa! Mama Teresina aliacha chumbani mishumaa ya mkesha wa kanisani. Saa nane mchana akaenda kuichukua, akaikuta yote kumi na miwili imepinda, vichwa chini. Akaniita. Nilipoinama kuingia, jasho likanitoka kabla mguu wa pili haujavuka mlango. Akauliza, "De beit wala furun?" Yaani hii ni nyumba au tanuri? Akaongeza kwa Kiswahili alichokiokota ukimbizini Arua ili nisipate pa kujificha, "Mimi iko mzee, mimi si mkate."

Siku mbili tu dada afike! Nikamwambia ni joto la upya, litaisha bati likizoea. Sikujiamini hata mwenyewe.

Alhamisi, 7 Julai

Nimepata dawa. Hewa! Nimebomoa mistari miwili ya tofali juu ya ukuta, upande wote wa mashariki, chini kabisa ya paa. Upepo ukaingia fyuu! Mama Teresina akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mishumaa.

Lodu akaegemea ua. Akasema, "Umeufungulia upepo mlango. Sasa utatokea wapi?" Nikamwambia upepo si mgeni wake, asihangaike. Nilijibu vizuri sana.

Ijumaa, 8 Julai

Kiden kafika. Kitanda cha chuma, godoro, masufuria, hata mlango wa nyumba yake ya Khartoum, vyote vimefungwa kwa kamba nene ya majini. Na picha moja ya mama yao, ndogo, kingo zimechakaa. Walishikana getini. Nilitazama pembeni. Vumbi liliniingia machoni, macho yote mawili.

Picha ikatundikwa ukutani juu ya kitanda. Kiden akakaa ndani dakika tano. Akatoka, akasema jambo kwa Kiarabu, Mama Teresina akanitafsiria: hakusafiri wiki mbili kwenye maji ili aikute Khartoum chumbani. Amelala nje, kwenye rakuba, chini ya kivuli cha makuti. Nimeumia. Lakini bado hajasema anaondoka!

Jumamosi, 9 Julai

Uhuru! Watu, watu, watu! Nililia, na mimi ni Msoga wa Iganga, uhuru huu haunihusu. Kiden na Mama Teresina walicheza wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Ndege za wageni zikapita juu. Niliipungia kila moja mkono, kwa sababu najua walichokiona kule chini.

Jumapili, 10 Julai

Tulikuwa kanisani sote. Katikati ya matoleo mbingu ikawa nyeusi, upepo ukaja kutoka mashariki, mvua ikapiga mpaka padri akanyamaza. Nusu saa tu. Tukarudi tukikanyaga matope. Kwa mbali nikaona kibao changu: HAYAVUJI, HAYARUKI. Hakikutikisika hata kidogo! Nikamwonyesha Cissy. Cissy alikuwa anatazama juu zaidi.

Nyumba haina paa.

Si kwamba bati moja limeng'oka. Paa lote! Upepo uliingia mashariki, ukalinyanyua lilivyo, boriti na rangi na nyota, ukalipitisha juu ya ua, ukalitua kwenye nguzo za zizi la Lodu. Sawasawa. Nyota juu. Mpita njia angedhani Lodu amejenga. Tulisimama wote mdomo wazi, hata Lodu.

Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Kitanda cha Kiden kilikuwa kimelowa chapachapa. Aliitoa picha ya mama yao ukutani, maji yanadondoka, akaipuliza polepole huku ameishikia kifuani. Nusu ya uso imefutika. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu kubwa, nikaenda kusimama nyuma ya choo. Naiandika hapa mara moja, sitairudia.

Jumatatu, 11 Julai

Mama Teresina kasema paa libaki huko huko lilikokwenda, na basi la Kampala linaondoka kila asubuhi. Kampa Lodu kazi. Lodu kainua boriti mpya, mwinuko mkali. Akaulizia kitu cha kuzifungia ukutani. Kiden akanyanyuka, akamletea ile kamba iliyofunga mizigo yake kutoka Khartoum. Yote. Nikamsikia Mama Teresina akivuta pumzi. Hata mimi nilielewa: mtu anayetaka kusafiri haitoi kamba yake.

Jambo la kushangaza: mbuzi wa Lodu wamekataa zizi. Saa saba mchana walitoka mmoja mmoja chini ya bendera wakaenda kusimama juani. Mbuzi hawana uzalendo.

Jambo la kushangaza zaidi: Cissy amemletea Lodu mabati tisa awakingie mbuzi mvua za ubavuni. Alijuaje ni tisa? Alijuaje ni chini ya kitanda? Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 16 Julai

Nyasi zimekamilika. Jana mvua kubwa ilinyesha mchana, Kiden akalala ndani usingizi mzito mpaka ikakatika. Hakuna tone. Leo asubuhi ameufunga mlango wake wa Khartoum kwenye chumba, kwa bawaba mpya. Anabaki! Mama Teresina anaimba tangu alfajiri.

Nikaenda kudai kibaraza. Masharti yalisema dada akiridhika, hayakusema chini ya paa la nani. Mama Teresina alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi la Kampala tulisahau, na kibaraza ametoa. Kwa Cissy! Auzie chapati! Nimeshtuka, mshtuko ambao sijapata kuuona.

Nimechunguza daftari hili pia. Ukurasa wa tarehe 2 una doa la mafuta, duara, lenye mistari mistari katikati kama ya kidole gumba. Panya wa Juba wamezidi sasa, wanapenda hata karatasi.

Lakini habari njema ndiyo hii. Dhoruba ile imeangusha vibao vyote vya mtaa isipokuwa changu, na watu wameona. Mzee mmoja wa mtaa wa Juba Na Bari alisimama mbele yake asubuhi, akakitikisa kwa mikono miwili, akaridhika, akanipa kazi ya nyumba ya vyumba vinne. Nimemwambia bati jembamba, mwinuko mdogo, upepo wa kutosha. Mabunda mawili ya waya yamefika leo.

Kibao kipya kitakuwa kikubwa mara mbili.