Wajina Watatu wa Mtoto wa Atuganile

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimekuwa baba. Mtoto kazaliwa juzi Jumamosi, wa kike, mzima, ana sauti. Mkononi kavishwa kitepe cha wodini: Mtoto wa Atuganile. Mimi mwenye ukoo sikutajwa. Nimesamehe.

Jioni nimekaa barazani hapa Chanika nikawaza. Mtoto hana jina. Wengine wanaona pengo, mimi naona mtaji. Kwetu Masasi ukimpa mtu wajina, yaani mtoto wa jina lake, umemfunga. Atamvisha huyo mtoto, atamkumbuka kila Krismasi, na baba yake hatamsahau. Sasa kwa nini jina likae bure?

Nimeanza na mama mkwe. Kashuka leo kutoka Tukuyu na gunia la mchele wa Kyela. Nimempa shikamoo nikiwa nimeinama hadi mgongo ukalia, kisha nikamwambia mjukuu ni Tusajigwe, yaani yeye mwenyewe. Machozi yakamtoka. Gunia likaingia ndani. Mke wangu Atuganile alikuwa amelala, sikutaka kumsumbua kwa mambo madogo.

Jumanne, 15 Julai

Kazini kiwandani, Kipawa. Bima ya afya ninayo, Atuganile yumo, mtoto bado. Anayeandikisha wategemezi wetu ni Jovina wa utumishi, na meza yake huwa imejaa watu wanaosubiri. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto tumemwita Jovina.

Akavua miwani. Akauliza kama jina limeshakubaliwa nyumbani. Nikamwambia mama yake ndiye aliyelisisitiza. Akamwandikisha papo hapo mbele yangu, wenzangu wanatazama tu kama waliofungiwa nje.

Jioni nimemtazama mtoto vizuri. Mweupe, karibu rangi ya dhahabu! Nikamsifia mama mkwe kwamba mjukuu kafuata weupe wa kwao. Kaniongezea finyango ya pili ya nyama. Siku nzuri sana.

Jumatano, 16 Julai

Haukuwa weupe.

Asubuhi Atuganile kaona macho ya mtoto ni ya njano, na amelegea, hataki kunyonya. Tukakimbia kwa Daktari Sesilia, mtaalamu wa watoto wachanga, kliniki yake iko karibu na kiwanda. Kambonyeza mtoto kifuani kwa kidole, akaachia, ngozi ikabaki njano. Akabonyeza miguuni. Njano. Kasema ni umanjano. Wachanga wengi huupata na kupona wenyewe, lakini huu umeshuka hadi chini na mtoto hanyonyi. Ukizidi unaweza kuharibu ubongo. Nikatafuta kiti.

Mama mkwe kanitazama. Weupe wa kwao sikuutaja tena.

Nikiogopa huwa nafanya ninachokijua. Nikamwambia Daktari kwamba mtoto anaitwa Sesilia. Nilitaka amwangalie kwa jicho la mama. Hakutabasamu. Kasema kila mtoto anayeingia pale anamwangalia kwa jicho hilo hilo. Akaandika Sesilia kwenye kichupa cha damu.

Mtoto kalazwa chini ya taa ya bluu, nepi tu mwilini, macho yamefunikwa kitambaa. Kadogo mno. Sikujua ni kadogo hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Leo niliomba dunia ipasuke, haikupasuka.

Nesi kaingia na majibu ya damu ya Sesilia. Mama mkwe kamwambia amekosea chumba, huyu ni Tusajigwe. Nesi kapiga simu mapokezi, mapokezi wakasema kwenye bima anasoma Jovina. Mkononi bado ni Mtoto wa Atuganile. Daktari kaja, kasikiliza wote, kasema kwa upole kwamba hawezi kuamua tiba kwa majibu asiyojua ni ya nani. Damu itolewe tena.

Wamemtoboa kisigino. Alilia hadi sauti ikakatika. Na mimi nililia, dirishani, nikasingizia vumbi. Kliniki nzima ina marumaru, vumbi halipo. Mwanangu katobolewa mara mbili kwa sababu yangu.

Kabla sijafuta uso, Jovina huyo mlangoni na beseni la nguo, anamwulizia wajina wake. Wale wajina watatu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nikakumbuka kwamba natakiwa kununua maji. Atuganile kanishika mkanda. Kaniuliza jina la mtoto nimewapa wangapi. Nikasema watatu. Kauliza tena. Nikasema ni watatu kweli, muda tu haukutosha.

Akawageukia wote, akasema mtoto anaitwa Editha. Nikauliza Editha ni nani, maana hayupo ukoo wangu, hayupo wa kwao, hayupo kazini wala kliniki. Kasema ndiyo sababu.

Jovina hakunipa hata kwaheri, ila alirudi ofisini jioni hiyo hiyo kusahihisha bima. Beseni kaliacha. Mama mkwe kasema mchele alimletea mwanawe, hakununua jina. Majibu mapya yametoka. Taa inatosha, na njano imeanza kushuka. Daktari alikuwa hajaizima hata dakika moja, kasema taa haiulizi jina.

Jumatatu, 21 Julai

Tumerudi nyumbani. Editha ananyonya kama ana deni la kulipa. Macho meupe. Bima inasoma Editha. Daktari kaniambia mtoto arudi Alhamisi apimwe, na mimi nikija nikae nje.

Nimemwapia Atuganile mbele ya mama yake kwamba jina la mtoto sitaligusa tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa dhati. Nilipomwona amelala bila ile taa, moyo ulinijaa nikamfunika miguu vizuri.

Jioni katekista kapita kutupongeza. Kasema wengi huongeza jina la ubatizo, tufikirie mapema.

Hilo sikuliapia. Jina la ubatizo ni jambo la kiroho.

Nimepita kwa Bi Marietha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, muumini safi, hana hata mjukuu mmoja. Nimemwambia tunatafuta jina la ubatizo, tena lisiwe la mtu wa mbali. Kajifuta macho, akauliza ile nyumba ninayojenga imefikia wapi.

Nimemwambia imefika linta, juu ya madirisha. Imebaki bati tu.