Ombi la Kuondolewa Katika Kazi ya Umama Wodini

Wodi ya Watoto,
Nairobi.
Machi 1983

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukoo ya Kumsaidia Mtoto Kabale,
Isiolo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni baba yangu mdogo, Mzee Yattani,

Assalaam aleikum. Mtoto hajambo kidogo. Uvimbe wa taya umeshuka. Daktari anasema kansa inasikia dawa lakini haijamaliza kusikia, kwa hivyo sindano bado zinaendelea. Hayo ndiyo mazuri. Sasa iite kamati yote ikae chini, kwa maana nina malalamiko, na nimeyapanga kwa nambari ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

1. Mlinituma mimi kwa sababu mke wangu Bisharo alikuwa amejifungua, yuko ndani ya arobaini, na kwa sababu, mlisema, Bonaya anaijua Nairobi. Baba mdogo, Nairobi ninayoijua mimi ni barabara ya kwenda kichinjioni! Mliahidi arobaini ikiisha dada yangu Habsa atakuja kunipokea, kwa kuwa mtoto mchanga haruhusiwi wodini. Arobaini imeisha, mtoto mchanga nasikia sasa anacheka, na mimi bado niko hapa.

2. Wodi hii ni ya akina mama. Mwanamume ni mimi peke yangu, na daktari, ambaye hakai. Sista alinipa ruhusa ya kushinda humu, usiku naenda kulala Eastleigh kwa Robow, dereva wetu wa lori. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa karai siku ya kwanza. Mama Mutheu, Mkamba mwenye binti kitanda cha pili, aliniona nimeshika nguo ya Kabale kwa vidole viwili, akaninyang'anya, akanionyesha kufua, kisha akanirudishia. Sasa mimi Bonaya, niliyekuwa nikikohoa tu katika soko la mifugo Oldonyiro bei inapanda, nafua, nasuuza, naanika. Mbaya zaidi, nimeanza kuwagombeza wanaoanika vibaya. Humu naitwa Mama Kabale. Juzi niliitika.

3. Msaada wenu. Naomba upungue. Maziwa ya ngamia kutoka Sericho yalifura njiani, kibuyu kikapasuka ndani ya lori, na Robow mpaka leo ananuka kama ndama. Wageni nao walikuja wanaume saba kwa pamoja, kila mmoja akamsalimia mtoto kwa ukamilifu, amani ya nyumbani, amani ya mifugo, amani ya mvua, mpaka mtoto akalala katikati ya salamu. Walipomaliza kwake wakaanza vitanda vya watu wengine. Kuna akina mama humu hawajaona mgeni tangu waje; walilazimika kujibu habari ya mvua. Mmoja wa hao saba, Kanchoro, alilia hata sista akamletea maji na kumwuliza kitanda chake ni kipi.

Lakini hayo si kitu mbele ya beberu. Nani katika kamati alifikiri beberu wa sadaka aletwe akiwa hai hadi geti la hospitali? Askari alikataa kumhesabu kama mgeni. Alikula maua yote ya matroni, mekundu kwanza. Nilimchinja Eastleigh, nyama nikawapikia akina mama wa wodi, na hapo ndipo waliponichagua niwe msemaji wao wa kulalamikia uji mwepesi. Kazi hiyo sikuiomba.

4. Hili ndilo limenivunjia heshima kabisa. Kabale hakubali sindano mpaka nimwimbie. Nilijaribu wimbo wa kubembeleza, akasema huo ni wa mama. Anataka wimbo wa kisimani, ule tunaoimba wanaume tukiwa tumepangana ndani ya kisima kutoka chini mpaka juu, tukipokezana ndoo na kuwaita ng'ombe kwa majina waje wanywe. Basi naimba. Naanza na Guracha, naenda kwa Dima, na daktari amesimama na sindano yake anangoja ng'ombe wanywe. Akina mama wamejifunza kuitikia. Maana hawaijui, lakini wallahi wanaitikia vizuri kuliko vijana wa Korbesa.

Kisha Kabale akaingiza majina ya watoto wa wodi kati ya ng'ombe, kila mmoja aitwe aje anywe. Wiki iliyopita Mutheu alifariki. Mama yake alirudi Kitui, karai lake akaniachia mimi. Siku ya sindano nililiruka jina la Mutheu, na Kabale akaurudisha mkono chini ya blanketi mpaka nilipolitaja. Nililitaja, sauti ikanikatika mbele ya watu wote, akina mama wakaumaliza wimbo bila mimi. Nililia, Mwenyekiti. Mzee mzima, ndevu na kila kitu! Kanchoro nilimcheka bure.

Kwa sababu hizo naomba niondolewe mara moja. Habsa aje. Kama Habsa hawezi, tumeni mtu yeyote, hata Kanchoro. Nataka kurudi sokoni kabla sijasahau kupiga kelele.

Nisalimieni Bisharo, mwambieni Kabale anakula na anamwuliza kila siku. Nisalimieni mtoto mchanga, ambaye hanijui. Nisalimieni wazee wote wa kamati, pamoja na yule mwenye wazo la beberu.

Mimi mtoto wako, mtiifu na mchovu,
Bonaya Jillo

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha askari alipokuja kuniita. Kuna mwanamke getini na begi, anasema ni Habsa, dada yangu, amekuja kunipokea. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikamwambia askari simjui. Niombeeni radhi, maana maneno aliyonitupia yalisikika hadi barabarani. Saa ya wageni ilipofika aliingia akamwona mtoto, akapunguza hasira kidogo. Anarudi na lori la Robow, na barua hii ndiye anayeibeba. Msitume mtu mwingine. Kabale anadungwa sindano Jumatatu, mimi ndiye baba yake, na sitoki hapa mpaka nitoke naye.